Mlima Mdogo, Anga Jeupe: Mwongozo Kamili wa Kupiga na Kuhariri Picha za Asili kwa Simu, Moshi na Arusha

Malalamiko ni yale yale. Mtu yuko Moshi asubuhi, kilele cha Kibo, kile kirefu cha Mlima Kilimanjaro, kiko wazi na kimejaa macho yake yote. Anapiga, anatazama simu, na mlima umekuwa kichuguu cha kijivu chini ya anga jeupe. Anafungua programu ya kuhariri, anavuta rangi mpaka mwisho: anga linageuka zambarau, migomba inawaka kijani kisichokuwepo duniani, na picha inazidi kuharibika.

Picha nyingi za namna hii zimeshindikana kabla kitufe hakijabonyezwa. Saa haikuwa yenyewe, mpigaji hakuamua anapiga nini, na simu iliachwa iunguze anga, yaani ilipe mwanga mwingi mpaka likawa jeupe tupu. Uhariri huikamilisha picha iliyopigwa vizuri, lakini hauna uwezo wa kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usianzie kwenye programu.

## Vitu vya kuandaa

- Simu inayokubali uguse kioo kuchagua fokasi. Karibu simu janja zote zinafanya hivyo, na si lazima iwe ya bei kubwa.
- Kitambaa laini, kama kile wanachotoa maduka ya miwani. Pindo la shati lina vumbi, na vumbi hukwaruza kioo cha lenzi.
- Programu moja ya kuhariri. Snapseed ni ya bure na inatosha kwa karibu yote yaliyomo humu. Lightroom ya simu nayo ni nzuri, ingawa baadhi ya vifaa vyake hulipiwa. Zoea moja kwanza.
- Kitu cha kuegemezea simu: stendi ndogo, au soksi iliyojazwa mchele na kufungwa fundo.
- Chaji na nafasi. Asubuhi ya baridi betri huisha haraka, kwa hiyo paua benki inasaidia.
- Mwenzako, kama unatoka kabla hakujapambazuka. Ukiwa umekodolea kioo cha simu huoni kinachokuja nyuma yako.

Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, utalipa kiingilio na kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi kuhusu mahali pa kushuka kwenye gari. Nyati wako wengi mle. Droni iache nyumbani kama huna kibali.

## Hatua ya 1: Pata saa na upande wa mwanga

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu hatua nyingine zote zinaiegemea.

Kwetu jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi mwaka mzima. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Mwanga ule laini wa pembeni, unaochora mabonde na matuta ya mlima, haudumu. Ikifika saa 2 na nusu umeshakuwa mkali, na mlima unaonekana bapa.

Sababu ya pili ya kuwahi ni mawingu. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu kutoka msituni hupanda, hupoa huko juu na kugeuka wingu. Ndiyo maana Kibo huonekana saa 12 na nusu, na saa 4 hujui hata kama kuna mlima. Jioni mara nyingine hufunguka tena, ila usiweke mipango yako yote hapo.

Sasa upande. Ukiwa Moshi mjini, mlima uko kaskazini kwako. Asubuhi mwanga unatoka kulia, upande wa Mawenzi, kilele cha mashariki cha mlima huu, na jioni unatoka kushoto. Kuanzia Novemba hadi Januari jua hupita kusini mwetu, hivyo uso wa mlima unaotazama Moshi huangazwa vizuri. Juni na Julai jua hupita kaskazini, yaani upande wa nyuma ya mlima, na uso huo huo hukosa mng'ao. Miezi hiyo piga umbo la mlima dhidi ya anga la alfajiri, usihangaike kutafuta maelezo ya miamba. Arusha hali ni hiyo hiyo kwa Meru, kwa sababu mji uko kusini mwa mlima.

Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ni somo zuri la jambo hili. Ukisimama kwenye maziwa yale siku ya hewa safi, Meru iko magharibi yako na Kilimanjaro iko mashariki. Asubuhi jua linaipiga Meru usoni, na ule upande wa kreta uliobomoka kuelekea mashariki unaonekana wote. Kilimanjaro wakati huo ni umbo jeusi tu. Jioni mambo hugeuka. Anayekwenda saa 3 asubuhi kutafuta picha ya Kilimanjaro iliyoangazwa anapingana na jua, na jua halishindwi.

Wakati wa masika wengi huacha simu mfukoni. Mimi nasema mvua ikikatika toka nje haraka: vumbi limeoshwa hewani, na theluji mpya ikiwepo inaonekana hadi mjini.

Msitu na maporomoko hufuata kanuni ya kinyume. Kwenye msitu wa Rau, kando ya ziwa Duluti au kwenye maporomoko ya Materuni, jua kali hupasua picha kuwa mabaka meupe na meusi. Huko subiri wingu, maana wingu hutandaza mwanga sawasawa juu ya majani. Chemchemi ya Chemka nayo ina lake: rangi ile ya maji hutokeza vizuri jua likiwa juu, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, kwa sababu mwanga unaingia hadi chini badala ya kuteleza juu ya maji.

Kipimo: tazama kivuli chako. Kikiwa na urefu wa angalau mara mbili yako, mwanga wa mlima bado upo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia msituni au nenda kwenye maji.

## Hatua ya 2: Andaa simu kabla ya kufika

Futa lenzi. Ukungu mweupe unaoonekana kwenye picha nyingi za macheo ni mafuta ya vidole.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera uwashe gridi, ile mistari inayogawa kioo sehemu tisa. Chagua umbo la 4 kwa 3, kwa sababu kwenye simu nyingi ndilo linalotumia kihisi chote cha kamera. Maumbo mengine hukata tu. Zima taa ya flashi, zima urembeshaji na vichujio vyote vya rangi. HDR, yaani simu kuunganisha picha za mwanga tofauti kuwa moja, iache ijiendeshe yenyewe, maana hapa inasaidia kushika mbingu na ardhi kwa pamoja.

## Hatua ya 3: Sema picha ni ya nini

Kabla ya kuinua simu, sema kwa sauti: "Hii ni picha ya…" na umalizie sentensi. "Hii ni picha ya mwanga wa kwanza juu ya Kibo." Vizuri. "Hii ni picha ya mlima na mashamba na barabara na ng'ombe na wingu." Hizo ni picha nne au tano, zipige moja moja.

Ukishaitaja, kila kitu kingine ndani ya fremu kina kazi mbili tu: kuisaidia hiyo sentensi au kutoka.

## Hatua ya 4: Panga fremu

Kwa nini mlima unakuwa mdogo. Lenzi kuu ya simu huona upana mkubwa, hivyo vitu vya mbali vinasinyaa. Jicho lako linauchagua mlima na kusahau mengine, kamera haichagui. Watu hujibu kwa kutembea mbele, na haisaidii: kilele kiko takriban kilomita 30 kutoka Moshi mjini, na hatua zako hamsini hazibadilishi kitu.

Fanya kinyume. Tafuta kitu kizuri cha mbele, mathalani mgrevilea mmoja uliosimama peke yake shambani, kisha rudi nyuma mpaka mti huo uwe mdogo machoni. Sasa tumia lenzi ya kukuza ya simu, ile ya mara 2 au mara 3. Mti utarudi kwenye ukubwa wake wa mwanzo, na mlima utakua pamoja nao mpaka usimame juu ya mti kama unavyouona kwa macho. Kwa hili, mashamba ya miwa ya upande wa TPC, kiwanda cha sukari kusini mwa Moshi, yanafaa kuliko Kibosho au Uru, zilizo miteremkoni. Ukiwa mbali unaupata mlima mzima kutoka Kibo hadi Mawenzi. Ukiwa karibu vilima na migomba vinakukinga.

*Tahadhari:* kuza kwa lenzi halisi tu. Ukizidi hapo simu inakata picha na kuinyoosha, nawe utaona majani yamegeuka kama yamepakwa brashi. Kama simu yako ina lenzi moja, piga kawaida kisha ukate kidogo wakati wa kuhariri.

Upeo wa macho. Usiupitishe katikati. Anga likiwa na mawingu ya kupendeza, weka upeo kwenye mstari wa chini wa gridi. Anga likiwa tupu, upandishe kwenye mstari wa juu na uipe ardhi nafasi. Maji ya Duluti yakitulia na kubeba taswira ya miti, hapo upeo katikati unakubalika, kwa sababu nusu mbili zinajibizana.

Kitu cha mbele. Picha ya mlima peke yake haina kina. Piga goti moja chini: nyasi zenye umande, ua la alizeti au mfereji wa maji vinapanda na kulipeleka jicho ndani ya picha. Mfereji au njia ianzie karibu na pembe ya chini na kuelekea mlimani. Oktoba na Novemba jakaranda zikichanua, tawi moja lenye maua juu ya fremu linatosha. Ukijaza matawi yote, mlima unapotea tena.

Wanyama na ndege. Shusha au pandisha simu iwe sawa na jicho la mnyama. Acha nafasi upande anaotazama. Mbega wa Hifadhi ya Arusha ni mtihani: manyoya meusi na meupe, juu ya mti, anga likiwaka nyuma yake. Sogea mpaka nyuma yake pawe na majani, hata ikibidi umsubiri ahame tawi. Usimrushie ndizi ili ageuke. Mnyama aliyezoeshwa chakula huishia kuumiza watu, kisha yeye ndiye anayeadhibiwa.

Pembe nne. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kingoni mwa fremu. Nyaya za umeme, mfuko wa plastiki, nusu ya kichwa cha mtu: mara nyingi hatua moja kushoto inaviondoa vyote, nawe umeokoa muda mrefu wa kufuta kwenye programu.

Ukitaka kupiga ukiwa ndani ya kihamba cha watu, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, bisha hodi, toa shikamoo kwa mwenye nyumba, eleza unachotaka. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuonyesha sehemu nzuri, maana ameutazama mlima huo kila asubuhi ya maisha yake.

## Hatua ya 5: Funga fokasi, shusha mwanga

Simu hupima wastani wa mwanga. Ardhi ikiwa na giza na anga likiwa angavu, huamua kuiangazia ardhi, na anga linaungua likawa jeupe tupu. Hapo ndipo "anga jeupe" linapozaliwa.

1. Gusa kioo pale palipo na kitu chako, kisha shikilia kidole mpaka simu ionyeshe imefunga.
2. Kitatokea kialama cha jua au mstari wa kuteleza. Ushushe polepole huku ukitazama sehemu angavu kuliko zote, theluji au ukingo wa wingu.
3. Simama pale unapoanza kuona mistari ndani ya weupe huo.

Picha itaonekana ya giza kidogo. Iache hivyo. Giza lina taarifa ndani yake unazoweza kuzipandisha baadaye, ilhali weupe ulioungua hauna kitu.

Mnyama mweusi huidanganya simu kwa upande wa pili: nyati akijaza fremu, simu inaongeza mwanga na nyati anakuwa wa kijivu. Shusha tu mpaka weusi urudi.

Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza. Msituni mwanga ni hafifu na simu inahitaji muda mrefu zaidi kupiga, hivyo egemeza kwenye mti au kwenye soksi ya mchele na uweke taimeri ya sekunde 3. Kwa ndege aina ya chozi kwenye ua, piga mfululizo.

Utajua umefanikiwa ukikuza picha hapo hapo ukaona mawingu yana umbo, na kitu chako kina kingo kali. Kama sivyo, piga tena ungali pale.

## Hatua ya 6: Chuja

Pumzika kwanza, chuja ukiwa nyumbani. Katika picha zinazofanana bakiza moja. Iliyokosa fokasi kwenye jicho la mnyama ifute, hata kama ilikugharimu safari nzima. Kunoa kwenye programu hakurudishi kilichokosekana.

## Hatua ya 7: Hariri kwa mpangilio

Kabla hujagusa chochote, weka mwangaza wa kioo karibu na nusu, zima ule mwanga wa njano wa usiku, na kaa kivulini. Watu wengi huhariri juani, wanaongeza mwanga kupita kiasi, kisha jioni wanashangaa picha imepauka. Fanyia kazi nakala, ile ya asili ibaki.

Tuchukue picha ya Kibo kutoka kwenye miwa, imepigwa dakika chache baada ya macheo, ya giza kidogo kama tulivyokubaliana.

a) Nyoosha na kata. Anza hapa kwa sababu ukikata mwishoni, mizani yote ya mwanga uliyoijenga inabadilika. Nyoosha kwa kufuata uwanda, si mteremko wa mlima, maana mteremko ni mshazari kwa asili. Kata kisichosaidia ile sentensi yako.

b) Mwanga. Usianze na kitelezi cha mwangaza wa jumla, maana kinapandisha vyote kwa pamoja. Shusha sehemu angavu hadi kati ya -30 na -40, theluji ipate mikunjo. Pandisha vivuli +15 hadi +25, miwa itoke gizani. Kisha ongeza utofauti wa giza na mwanga kidogo, +10. Namba hizi ni za kuanzia tu. Picha yako ndiyo itakayoamua.

*Tahadhari:* tazama mstari ambapo mlima unakutana na anga. Ukiona utepe mweupe unaofuata ukingo wa mlima, umevuta vivuli kupita kiasi. Rudi nyuma.

c) Ukungu wa mbali. Kati yako na Kibo kuna hewa nyingi yenye vumbi na unyevu, ndiyo inayofanya mlima uwe wa kijivu. Lightroom ina kitelezi cha kupunguza ukungu. Kwenye Snapseed tumia kile cha kutokeza maumbo madogo. Hapa +10 hadi +15 inatosha. Mlima wa mbali unatakiwa uwe na ubuluu kidogo na ulaini kidogo, la sivyo unaonekana umekatwa na kubandikwa.

d) Rangi. Rekebisha kwanza uvuguvugu, kile kitelezi cha kati ya ubuluu na unjano. Macheo yana udhahabu wake, usiusafishe. Msituni simu huleta ubuluu, pasha moto kidogo. Ukolezaji wa rangi zote usizidi +10. Kama programu inakuruhusu kugusa rangi moja moja, punguza kijani. Ndiyo, punguza. Kamera za simu tayari hukikoleza, na kijani kilichopungua ndicho kinachofanana na migomba ya kweli.

e) Sehemu moja moja. Kwenye Snapseed weka nukta juu ya theluji, finya vidole kubana mduara, ongeza mwanga kidogo. Weka nyingine kwenye pembe angavu inayovuta jicho nje, ishushe. Mtazamaji hutazama kwanza palipo na mwanga zaidi, hivyo sogeza mwanga uende kwenye kitu ulichokitaja Hatua ya 3. Kazi hii ndogo huinua picha kuliko vichujio vyote.

f) Noa mwisho, na kidogo. Ukinoa mapema, kila hatua inayofuata inakuza chembechembe.

Weka simu chini, kanywe chai, rudi. Bonyeza na ushikilie picha uone ya kwanza na ya sasa. Kama kinachokujia kwanza ni "imehaririwa", punguza karibu nusu ya ulichofanya.

Jambo moja silikubali kabisa: kubadilisha anga kwa anga la kununua, au kuiongezea Kibo theluji. Barafu ya mlima huu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Picha yako ya leo, yenye tarehe na iliyoachwa na ukweli wake, ni ushahidi ambao watoto wa Moshi watauhitaji. Kufuta waya wa umeme ni usafi, lakini kuchora theluji ni kuwadanganya.

## Hatua ya 8: Hifadhi, tuma, chapisha

Hifadhi kwa ubora wa juu kabisa programu inaoruhusu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na maelezo madogo hupotea. Itume kama hati, au chagua ubora wa HD. Kwa Instagram, umbo la wima la 4 kwa 5 huchukua nafasi kubwa ya kioo kuliko la mlalo, ila hakikisha mlima haukatwi bega.

Picha ya megapikseli 12, yenye pikseli 4000 kwa 3000, huchapishwa vizuri hadi takriban sentimita 34 kwa 25 kwa nukta 300 kwa inchi. Kama uliikata sana, chapisha ndogo zaidi. Peleka studio faili kwa flashi diski, usiwarushie kwa WhatsApp, na umwambie fundi asiongeze rangi wala mwanga. Omba kwanza chapa moja ndogo ya majaribio. Itoe nje uitazame kwenye mwanga wa mchana: karatasi haiwaki kama kioo, kwa hiyo ikionekana ya giza, pandisha mwanga wa jumla +5 hadi +10 kwenye nakala ya kuchapishia tu, ndipo uagize kubwa.